UZI: Sumu iliyomkaza mjomba hadi akafa, na ndugu yake iliyokifungua kiganja cha mzee wa Mkolani

MazoeziTiba_Mza (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Uzi huu nimeukalia muda mrefu, leo naushusha.

Mimi ni mtu wa mazoezi tiba hapa Mwanza. Huu ni mwaka wa 11 nanyoosha viungo vya watu waliopata kiharusi na watoto wenye mtindio wa ubongo. Si daktari wala mkemia. Ila kuna sumu mbili za bakteria zilizopita kwenye maisha yangu, moja msibani na nyingine kazini, na nimezisoma miaka yote hii kwa sababu zilikataa kunitoka kichwani. Nitaandika kwa vipande. Mwenye swali aulize, mwenye kujua zaidi anisahihishe.

Nianze na msiba.

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alikuwa fundi mitumbwi Ukerewe. Kwa asiyeijua kazi ile: mbao zinapigiliwa misumari, halafu nafasi kati ya ubao na ubao zinazibwa kwa pamba, ndiyo kukalafati. Fundi anashinda peku mchangani, misumari iliyopinda imezagaa, na ng'ombe wanashuka kunywa maji palepale. Siku moja akakanyaga msumari, ukazama kisiginoni. Akauchomoa, akapaka mafuta ya taa, akashika nyundo yake akaendelea. Kidonda kikafunga vizuri tu, tukakisahau.

Siku ya nane mkewe akamtengea ugali na sato. Mdomo ukagoma kufunguka. Akasema kwa shida kwamba taya zimechoka, tukadhani jino. Jioni shingo ikakaza. Zahanati wakampa dawa za malaria wakamrudisha nyumbani. Usiku upepo ukaubamiza mlango, na kwa ule mshtuko tu mwili wote ukajipinda kinyumenyume: mgongo ukainuka kitandani kama upinde, kitanda anakigusa kwa kisogo na visigino. Midomo imevutika kama mtu anayecheka. Na macho yake yanatuona. Akili ilikuwa timamu, anasikia kila tunachosema, jasho linamtiririka, na hana namna ya kutamka neno.

Wazee wakasema ni pepo. Si ajabu, jina lenyewe pepopunda limembeba pepo ndani yake. Akakaa kwa mganga siku mbili, ngoma zikapigwa. Kila ngoma ikilia, anakazika upya. Tulipompandisha meli ya Nansio kuja hospitali kubwa ilikuwa siku ya nne. Hakurudi.

Nilikuwa na miaka 14. Nitaendelea, ngoja nimalize na mgonjwa.

NyandaWaMwaloni

Pole sana mkuu. Nimesoma nikaangalia miguu yangu. Huku Kirumba Mwaloni misumari tunaikanyaga hatuhesabu. Swali: ni kutu ya msumari ndiyo inayoleta pepopunda?

Nesi_Igoma

Naomba nijibu hili, naulizwa kila siku. Kutu haina kosa. Mdudu anaitwa *Clostridium tetani*, anaishi kwenye udongo na kwenye mavi ya wanyama, ng'ombe na farasi hasa. Akiwa nje hajioneshi, amejifunga kwenye ganda gumu kama mbegu inayosubiri mvua. Anachukia hewa ya oksijeni. Sasa msumari unafanya nini? Unamsukuma ndani kabisa ya nyama, juu kidonda kinaziba, ndani hakuna hewa. Hapo mbegu inaota. Mwiba unatosha, jembe linatosha, na wembe uliokata kitovu cha mtoto unatosha. Msumari mpya unaong'aa ukipita kwenye mavi ya ng'ombe ni hatari kuliko wenye kutu uliokaa mezani.

Kwa hiyo kidonda kidogo chenye shimo refu mkiogope kuliko mchubuko mkubwa ulio wazi.

MazoeziTiba_Mza

Asante dada. Mafuta ya taa hayafiki chini kule, na bado watu wanayapaka.

Sasa nieleze sumu inafanyaje kazi, maana hapa ndipo palinishika. Nitatumia mwalo, pale mitumbwi inaposhusha mzigo, wote tunaujua.

Ncha ya neva ichukulie kama maji yenye mitumbwi mingi midogo, kila mtumbwi umejaa mzigo. Ukuta wa neva ni ukingo. Msuli ni soko, upande wa pili wa ukingo. Mzigo wenyewe ni kemikali inaitwa asetilikolini. Ubongo ukitoa amri ya kukunja mkono, mitumbwi inavutwa hadi ukingoni, inashusha mzigo, soko linaupokea, msuli unakunja. Yote hayo ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Mtumbwi haujivuti wenyewe, unavutwa kwa kamba. Kamba hizo ni protini tatu. Sinaptobrevini imefungwa kwenye mtumbwi. SNAP-25 na sintaksini zimefungwa ukingoni. Zinapojisokota pamoja ndipo mtumbwi unafika. Kamba moja ikikatika, mtumbwi unaelea palepale na mzigo wake.

Sumu ya pepopunda na ile ya botulini, inayotoka kwa *Clostridium botulinum*, ni ndugu wa damu. Kila moja ni protini ya vipande viwili, kizito na chepesi, vilivyoshikizwa pamoja kwa kifungo cha salfa. Kizito ndicho kinachojua njia: kinashika mlangoni mwa neva, na neva inaimeza sumu yenyewe, kwa sababu kila baada ya kushusha mzigo huwa inarudisha vifuko vyake ndani. Sumu inapanda kwenye safari hiyo ya kurudi. Humo ndani ya kifuko tindikali ikiongezeka, kipande kizito kinabadili umbo na kutoboa ukuta, chepesi kinapenya. Kile chepesi ni mkasi. Kina chembe moja ya zinki moyoni mwake na kazi yake moja tu ni kukata kamba. Hakiui neva, hakiunguzi chochote. Kinakata hii, kinahamia ile, na kwa kuwa ni kimeng'enya, hakimaliziki kwa kukata. Ndiyo maana kiasi kidogo mno kinatosha kumwangusha mtu mzima.

Mpaka hapo ndugu hawa wanafanana. Wanapoachana ni mahali wanapokwenda kukata.

Botulini inabaki palepale mwaloni. Mitumbwi imejaa lakini soko halipati kitu, kwa hiyo msuli unalegea. Kope zinashuka, unaona kila kitu viwiliviwili, sauti inakwama, kumeza kunashindikana, mwisho kifua kinakosa nguvu ya kuvuta hewa.

Pepopunda inaingia kwa mlango huohuo wa neva ya msuli lakini haikai. Inapanda ndani ya neva, mwendo wa kurudi juu, hadi uti wa mgongo. Kule inavuka kuingia neva nyingine ambazo kazi yake ni breki. Ukikunja mkono, neva za breki ndizo zinazouambia msuli wa upande wa pili ulegee. Mzigo wao ni glisini na gaba. Sumu inakata kamba za mitumbwi hiyo ya breki, na gari linabaki na mafuta tu. Mlango ukigonga, misuli yote inakaza kwa mpigo mmoja, ya mbele na ya nyuma, na kwa kuwa ya mgongo ina nguvu zaidi, mtu anapinda kwa nyuma. Taya zinatangulia kukaza kwa sababu neva zake ni fupi, sumu inafika upesi. Ile ngoma ya mganga ilikuwa inamtesa mjomba kwa sababu hii.

Mwaka 1992 timu ya Cesare Montecucco kule Padova, Italia, ikaonesha kwamba sumu ya pepopunda na botulini aina B zinakata kamba ileile, sinaptobrevini, mahali palepale, kati ya asidi amino (vipande vidogo vinavyounda protini) ya 76 na ya 77. Niliisoma sentensi hiyo nikatoka nje kutembea. Mkato mmoja. Ukiukata kwenye uti wa mgongo mtu anakuwa gogo, ukiukata kwenye msuli mtu anakuwa kitambaa kilicholowa.

MasanjaWaMagu

Mkuu nakuheshimu, umeeleza vizuri. Ila mimi babu yangu mzaa baba alipata hali hiyohiyo, akapelekwa kwa mganga, akakaa kule mwezi mzima na akapona. Alikufa uzeeni. Hilo unalielezaje?

MazoeziTiba_Mza

Nashukuru babu alipona, na nakuamini. Nikwambie ninachokijua. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza walipitia kumbukumbu zao za miaka 10, kuanzia 2001 hadi 2010, wakachapisha mwaka 2011. Wagonjwa wa pepopunda walikuwa 102, na waliofariki ni asilimia 43. Maana yake zaidi ya nusu walipona. Ugonjwa huu unaachia wengine, hasa ule uliochelewa kujitokeza baada ya jeraha. Neva inaota ncha mpya taratibu, wiki kwa wiki, na mwezi mmoja wa babu yako ndio muda wenyewe. Mganga alikuwepo, chumba chake labda kilikuwa na giza na kimya, na hilo kwa kweli linasaidia. Hospitali nako wanamlaza mgonjwa pasipo na mwanga wala kelele. Tofauti ni kwamba wanamsafisha kidonda, wanampa metronidazo kuua bakteria, dayazepamu na magnesi kulegeza misuli, na mashine ya kupumua pale kifua kinapokaza. Pia kingamwili za kuiwahi sumu ambayo bado iko nje ya neva. Iliyokwishaingia ndani hakuna dawa inayoifikia. Zile siku mbili za ngoma zinaniuma kwa sababu hii, kila saa sumu ilikuwa inaendelea kupanda.

Kwenye kumbukumbu hizohizo za Bugando, wanaume waliwazidi wanawake zaidi ya mara kumi. Nesi atueleze kwa nini.

Nesi_Igoma

Kwa sababu mama mjamzito anachomwa chanjo ya pepopunda kliniki. Mtoto anapata ndani ya pentavalenti, chanjo moja ya magonjwa matano, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mwanaume akishatoka hapo, nani atamwita tena? Wakulima, wavuvi, mafundi, wengi wana miaka 50 hawajawahi kuona sindano hiyo. Ndio wanaoshika jembe na ndio wanaokanyaga misumari.

Na hiyo ya wajawazito msiichukulie kawaida. Mwaka 1988 dunia ilikadiriwa kupoteza watoto wachanga 787,000 kwa pepopunda ya kitovu. Bibi zetu walipaka majivu au samadi kwenye kitovu kwa nia njema. Mama akichanjwa, kingamwili zake zinapita kwenye kondo hadi kwa mtoto, anazaliwa na kinga yake. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kwamba pepopunda ya mama na mtoto mchanga si tatizo la afya ya jamii tena. Nilianza kazi tukiwapokea watoto hao, hawawezi kunyonya, ngumi zimekunjwa, ukimgusa anakaza. Sasa sijamwona muda mrefu. Naandika haya nikiwa na furaha ya kweli.

MwlKemia_Nyegezi

Niongeze historia kidogo. Mwaka 1884 Arthur Nicolaier aliwachoma wanyama udongo wa kawaida wakapata pepopunda. Mwaka 1889 Kitasato Shibasaburo, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Berlin, akamtenga mdudu peke yake kwa kupasha moto usaha hadi nyuzi 80: bakteria wengine wakafa, mbegu zake zikabaki. Mwaka 1890 yeye na Emil von Behring wakaonesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu kidogokidogo inamkinga mnyama mwingine. Chanjo ya leo ni sumu yenyewe iliyotulizwa kwa fomalini, ikapoteza ukali ikabaki na sura. Mwili unaijifunza sura.

Swali langu: aliyeugua pepopunda akapona, ana kinga?

MazoeziTiba_Mza

Hana, mwalimu, na hili wengi hawalijui. Kiasi cha sumu kinachotosha kuua ni kidogo mno kuuamsha mwili utengeneze kinga. Aliyepona inabidi achanjwe kama mtu mwingine yeyote, la sivyo anaweza kuugua mara ya pili.

Sasa nije kwa mzee wa Mkolani.

Ni mwalimu mstaafu. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mguu tuliurudisha kwa mazoezi, mkono ukakataa. Ngumi ilijifunga ikakaza hivyo karibu miaka miwili. Asiyewahi kuuguza mkono wa namna hiyo hajui shida yake. Kucha zinachimba kiganja. Hewa haiingii, jasho haliwezi kufutwa, ngozi inalainika inatoa harufu, na yeye mwenyewe anaisikia akiwa mezani na wageni. Binti yake alikuwa anapenyeza kipande cha kanga kilichosokotwa katikati ya vidole, kimoja kimoja, na mzee anafumba macho kwa maumivu. Kukata kucha za mkono ule ilikuwa kazi ya watu wawili.

Kilichotokea ni kwamba ubongo uliojeruhiwa umeacha kutuma breki. Ukiangalia vizuri ni kama pepopunda ya mkono mmoja, ingawa chanzo ni kingine kabisa. Wanawe wakampeleka Nairobi kwa bingwa, akachomwa sumu ya botulini aina A kwenye misuli ya mkono wa mbele, ile inayokunja vidole. Aina A inakata SNAP-25, inanyofoa ncha tu, asidi amino tisa za mwisho. Inatosha.

Alirudi kwangu siku ya tano. Hakuna kitu. Akanitazama kama nimemdanganya mimi. Siku ya kumi nilikuwa nafanya kama kawaida, nimeshika kifundo, nasukuma taratibu, nimejiandaa kwa ule ugumu wa mbao. Vidole vikaja. Vikafunguka vyote vinne, kisha gumba. Kiganja kilikuwa cheupe, kimechubuka, kina alama nne za kucha kama mwezi mwandamo. Binti yake alileta beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni, akakiosha kiganja cha baba yake kwa mara ya kwanza kwa karibu miaka miwili. Mzee alilia. Wote tulilia.

Niseme wazi sindano haikufanya nini. Haikumrudishia uwezo wa kushika kalamu, na haikuponya kiharusi. Iliulegeza msuli tu, ikatupa nafasi ya kunyoosha, kuvaa banzi usiku, kuosha, kukata kucha. Kwa kawaida inaanza kuonekana baada ya siku mbili tatu, inakolea kwenye wiki ya pili, inadumu miezi mitatu au minne, kisha neva inaota ncha mpya na kamba mpya, na ugumu unarudi. Ndani ya miezi ile mazoezi ndiyo yanayojenga. Sindano bila mazoezi ni hela iliyotupwa ziwani.

MamaKulwaNaDoto

Kaka nimesoma huku machozi yananitoka. Doto wangu ana mtindio wa ubongo, ana miaka minne, anatembea kwa vidole, kisigino hakigusi chini. Inaweza kumsaidia? Na nikisikia neno sumu naogopa.

MazoeziTiba_Mza

Dada, kuogopa ni haki yako. Kwa watoto wanaotembea kwa vidole, hiyo ni moja ya kazi ambazo sindano hii inajulikana nazo zaidi: inachomwa kwenye shavu la mguu, msuli unalegea, kisigino kinashuka, halafu mazoezi na kiatu maalumu vinakishikilia hapo. Sio kila mtoto anafaa. Kama msuli umeshafupika kabisa haufunguki kwa sindano. Anayeamua ni bingwa aliyemshika mguu wa mtoto kwa mikono yake, si mimi kutoka hapa.

Kuhusu sumu: dozi inapimwa kwa yuniti, na chupa nzima ya dawa ina sumu ya kiwango cha nanogramu, yaani sehemu ya bilioni ya gramu. Inachomwa ndani ya msuli uliochaguliwa ibaki hapo. Hatari ipo na usifichwe: ikisambaa inaweza kuleta shida ya kumeza na kupumua, na tangu 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani imeagiza onyo hilo liandikwe kwenye pakiti. Baada ya sindano, mtoto akianza kukohoa akinywa maji au sauti ikibadilika, ni hospitali muda huohuo.

Njoo inbox nikueleze mazoezi ya kumfanyia nyumbani wakati unatafuta bingwa. Hayo hayasubiri.

MwlKemia_Nyegezi

Na wazo la kuifanya dawa ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Justinus Kerner, daktari wa Kijerumani aliyekuwa pia mshairi, aliandika miaka ya 1820 kuhusu watu waliokufa kwa soseji zilizoharibika. Hakujua bakteria, elimu hiyo ilikuwa bado. Lakini aliona kwamba sumu inakatiza ujumbe wa neva, na akapendekeza kwamba kwa kiasi kidogo ingeweza kutuliza misuli inayocheza bila mpango. Jina botulini linatokana na neno la Kilatini la soseji. Mdudu mwenyewe alipatikana mwaka 1895 Ubelgiji, kijiji cha Ellezelles, wanamuziki walipokula nyama ya paja la nguruwe msibani na watatu wakafa. Emile van Ermengem ndiye aliyemtenga.

Kisha Alan Scott, daktari wa macho San Francisco, akatafuta namna ya kunyoosha makengeza bila kisu. Matokeo kwa binadamu aliyachapisha mwaka 1980. Mwaka 1989 Marekani ikaidhinisha kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba zenyewe. Kupunguza mikunjo ya uso kulifuata mwaka 2002. Kipandauso sugu 2010.

Shosti_CapriPoint

Kumbe ndiyo Botox hii? Kuna mtu Instagram anauza, anakuja nyumbani kuchoma, bei nafuu kabisa.

Nesi_Igoma

Mdogo wangu usithubutu. Mwaka 2024 Marekani watu walilazwa kwa sindano bandia na za wasio na leseni: kuona viwiliviwili, kushindwa kumeza. Dawa hii inatunzwa kwenye baridi, inachanganywa kwa kipimo, na inachomwa na anayejua msuli gani uko wapi. Anayeibeba kwenye pochi toka Nyakato mpaka kwako juani, humjui alichonacho.

NyandaWaMwaloni

Na sisi wa samaki? Nimesikia botulini inakaa kwenye samaki. Kayabo wetu na dagaa vipi?

MazoeziTiba_Mza

Swali la maana. Mbegu za botulini zimo kwenye udongo na matope ya majini, na kuna aina E inayopenda mazingira ya samaki. Lakini kuwepo kwa mbegu si sumu. Sumu inatengenezwa mbegu ikiota, nayo inaota penye unyevu, pasipo hewa, pasipo chumvi nyingi wala uchachu. Dagaa aliyekauka vizuri juani hana unyevu wa kumtosha. Kayabo aliyeshiba chumvi hivyohivyo. Wa kuogopa ni samaki aliyekaushwa nusunusu bila kutolewa matumbo, akafungiwa kwenye plastiki kwa siku kadhaa kwenye joto.

Wala si samaki tu. Mwaka 1980 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitoa ripoti ya sumu hii Kenya, na walichokula ni kumbikumbi. Mwenye mazoea ya kusafiri na kumbikumbi au senene wabichi kwenye mfuko uliofungwa, akaushe kwanza.

Habari njema: sumu yenyewe inaharibika kwa moto. Nyuzi 85 kwa dakika tano zinaivunja. Mbegu ndiyo ngumu, haifi kwa kuchemsha kwa kawaida. Kwa hiyo pika, ule siku hiyohiyo, na kiporo kichemshe kweli, usipashe moto juujuu.

Na asali! Asali ya Tabora tunaipenda, lakini mtoto chini ya mwaka mmoja asilambishwe. Utumbo wake bado mchanga, mbegu zikifika zinaweza kuota mlemle. Akishatimiza mwaka hakuna shida.

MasanjaWaMagu

Nimekuelewa kuhusu babu. Swali la mwisho: kama botulini imekuwa dawa, kwa nini pepopunda nayo isiwe?

MazoeziTiba_Mza

Kikwazo kimoja ni kizuri: tukichanjwa tuna kingamwili zinazoikamata kabla haijafika popote. Lakini haijakaa bure. Ile sumu iliyotulizwa ya chanjo inatumika kama mbeleko kubebea chanjo nyingine. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo aina A iliyoanza Burkina Faso mwaka 2010 imebebwa nayo, na ya homa ya matumbo pia. Ganda la sukari la bakteria hao mwili wa mtoto haulitilii maanani likiwa peke yake. Likifungwa kwenye protini ya pepopunda, unashtuka na kujifunza. Pia watafiti wanakichunguza kipande kile kizito, bila mkasi, kwa sababu kinajua kupanda neva hadi uti wa mgongo, mahali ambapo dawa nyingi zinashindwa kufika. Njia ileile aliyoipitia muuaji wa mjomba, siku moja labda ipitishe dawa. Naifuatilia hiyo kazi kuliko mnavyofikiri.

NyandaWaMwaloni

Wakuu narudi. Jana niliwasomea uzi huu mafundi wa mitumbwi tukiwa kwenye chai. Leo asubuhi tumeenda kituo cha afya watu sita. Mkubwa wetu ana miaka 61. Alipoulizwa mara ya mwisho alichanjwa lini, akafikiri sana, akasema hajawahi. Mimi mguu wangu una shimo la juzi, wamenisafisha kwa maji mengi na sabuni hadi nikapiga kelele, wakanichoma.

Nesi_Igoma

Hongereni kaka zangu. Hiyo ni dozi ya kwanza. Ya pili ni baada ya wiki nne, ya tatu miezi sita mbele, kisha mwaka, kisha mwaka tena. Kadi zenu ziwekwe pamoja kwa mtu mmoja, msizitie mfukoni mkaingia nazo majini. Na huyo wa shimo la juzi arudi akiona taya zinakuwa nzito, hata iwe saa nane ya usiku.

NyandaWaMwaloni

Kadi zote sita anazo mama ntilie wetu, kwenye kopo la majani ya chai. Wiki nne zijazo ni Jumanne.